Wilson, Mwana wa Mwita

Jina langu la mwisho ni Wilson. Limo kwenye cheti changu cha kuzaliwa, kwenye kitambulisho cha NIDA, kwenye vyeti vyote vya shule, na karibuni litachapwa kwenye jalada la tasnifu yangu ya umahiri. Kwa Mtanzania halina ajabu yoyote. Tunao akina Jackson, akina Nelson na akina Johnson kila wilaya, na hakuna anayewauliza wametokea pande zipi za Uingereza. Nje ya mipaka ndiko jina linakonitangulia na kusema mambo ambayo mimi sijayasema. Nimeshajibiwa barua pepe zinazoanza na "Bwana Wilson". Katika semina moja ya mtandaoni, mhadhiri mmoja Mwingereza alilitazama jina lililoandikwa chini ya uso wangu, akautazama uso, akarudi kwenye jina. Kisha akaniuliza kwa upole kama ukoo wetu una mtu wa Yorkshire.

Nikamwambia ni jina la babu. Akauliza babu alilipata wapi. Sikuwa na la kumjibu, naye kwa adabu akabadilisha mazungumzo.

Pengine swali lingeishia hapo kama wifi yangu asingekuwa mjamzito. Mjukuu wa kwanza wa baba alikuwa njiani, na nyumbani kulikuwa na jambo la kuamua. Wengi wetu hutumia majina matatu: lako, la baba, la babu. Kila kizazi kinapoingia, jina la mwisho linadondoka na yaliyobaki yanasogea. Mimi ni binti wa Marwa, mwana wa Wilson. Kaka yangu Chacha vilevile. Kwa utaratibu huo mtoto wa kaka angekuwa fulani Chacha Marwa, na Wilson angetoka kwenye karatasi zetu kimyakimya, jinsi majina ya mababu yalivyotoka siku zote. Lakini siku hizi familia nyingi huligandisha jina la tatu na kulifanya la ukoo, kwa sababu benki, ubalozi na chuo havielewi kwa nini baba na mtoto wawe na majina ya mwisho tofauti. Kaka alitaka Wilson lidondoke. Alisema hawezi kumpa mwanawe jina la mzungu asiyemjua. Baba alitaka libaki.

"Jina hilo limelipiwa," aliniambia kwenye simu.

Nilidhani ni namna tu ya kusema, kama watu wanavyosema ardhi imelipiwa kwa jasho. Akaongeza: "Wewe ndiye unayesomea maneno. Nenda ukatafute limetoka wapi, umwambie kaka yako."

Nikaanza na njia rahisi, yaani maktaba ya chuo. Nasoma isimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na majina ya watu ni sehemu ya fani yangu. Wilson ni jina jepesi kuchambua. Ni Will na son, mwana wa Will. Will ni ufupisho wa William, jina lenye asili ya Kijerumani cha kale lililounganishwa kwa maneno mawili: moja ni utashi na la pili ni kofia ya chuma ya vitani. Liliingia Uingereza na Wanormani walioiteka nchi hiyo mwaka 1066 wakiongozwa na mtawala mwenye jina hilohilo, na baada ya hapo Waingereza wakawaita watoto wao William kwa wingi, kama sisi tulivyokuja kuwaita wetu Julius.

Kilichonishangaza ni kwamba Waingereza nao waliwahi kuishi kama sisi. Kwa karne nyingi mtu wa kawaida kule hakuwa na jina la ukoo. Alikuwa John mwana wa Will, na mwanawe angekuwa Robert mwana wa John. Jina lilisogea kila kizazi, sawasawa na letu. Kisha likaanza kuganda: kwa matajiri mapema, kwa wakulima baadaye, na kufikia mwaka 1400 hivi kwa sehemu kubwa ya nchi. Moja ya mambo yaliyolisukuma ni makaratasi. Kulikuwa na kodi ya kichwa ya 1377, 1379 na 1381, ambayo makarani wake walitakiwa kuandika watu mmoja mmoja. Mwaka 1538 ikaja amri kwamba kila parokia iweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Majina yenye son yalishamiri zaidi kaskazini mwa Uingereza na kusini mwa Scotland, na hadi leo Wilson ni miongoni mwa majina ya ukoo yanayoongoza kwa wingi Scotland. Kwa hiyo yule mhadhiri hakukosea kutaja Yorkshire.

Nikampigia baba kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Sasa nenda Nyansurura."

Nyansurura ni kwetu, upande wa mkoa wa Mara ambako Tarime na Serengeti zinapakana. Nimezaliwa na kukulia Mwanza, na kijijini tulikwenda Desemba tu, kwa siku chache, tukiwa na viatu vya mjini na simu zinazotafuta mtandao. Safari hii nilikwenda peke yangu, mwezi Julai, mahindi yakiwa yameshavunwa na muhogo umeanikwa juu ya miamba. Nilifikia kwa bibi. Ni mama yake baba, ana miaka karibu themanini, na kila mtu humwita Bibi Mdogo. Utotoni sikuwahi kujiuliza Bibi Mkubwa alikuwa nani. Nilijua tu kwamba alikuwepo na alikufa mwaka 1991, kabla sijazaliwa.

Nilikuwa na dhana tatu. Ya kwanza ilikuwa misheni. Wamenoni kutoka Marekani walifika Shirati mwaka 1934, Wakatoliki walikuwa Nyegina kabla yao, na Wasabato walikuwa Majita na Ikizu tangu enzi za Wajerumani. Ubatizo umewapa watu wengi majina mapya. Dhana hiyo ilikufa siku ya kwanza. "Babu yako abatizwe?" Bibi Mdogo alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kanisani aliingia baba, tena akiwa mkubwa. Dhana ya pili ilikuwa migodi ya dhahabu ya wakati wa Mwingereza, Buhemba na Kiabakari, ambako vijana wa huku walikwenda kutafuta pesa ya kodi. Nayo haikupata wa kuithibitisha. Ikabaki ya tatu, ambayo Mkuria yeyote angeanza nayo: jeshi.

Bibi alinitolea sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na kadi za kliniki, stakabadhi za pamba na shanga zilizokatika uzi. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa plastiki, mlikuwa na karatasi ya babu ya kuachishwa jeshi. King's African Rifles, ambao wazee wanawaita Keya. Mwaka 1946. Kabila: Kuria. Wilaya: Musoma. Nishani: Burma Star. Na jina, kwa taipu iliyofifia: Wilson s/o Mwita.

Aliyewahi kushika faili za mkoloni anazijua herufi hizo. S/o ni son of, mwana wa. Waingereza waliwaandika hivyo Waafrika wasio na jina la ukoo. Nilikaa na karatasi ile mapajani nikisoma mstari mmoja tena na tena. Mwana wa Will, mwana wa Mwita. Mwingereza ambaye watu wake walishasahau kwamba son ni mwana alikuwa amemwandika babu yangu mwana mara mbili.

Mzee mmoja wa jirani, ambaye baba yake aliandikishwa siku moja na babu, alinisimulia ilivyokuwa. Kwetu majina hayako mengi. Mtu hupewa jina ili kumrudisha aliyetangulia, kwa hiyo akina Mwita, Chacha na Marwa hawaishi. Majina mengine hutokana na siku ya kuzaliwa: Wambura ni mtoto wa mvua. Siku ile ya kuandikisha, foleni ilikuwa na akina Mwita na akina Chacha wengi hivi kwamba karani alipofika kwa wa tano aliweka kalamu chini. Akasema jeshi haliwezi kumlipa mshahara Chacha Mwita mmoja mara tano. Akaanza kugawa majina. Wewe Jackson, wewe Nelson, wewe Wilson. Babu aliuliza jambo moja tu: na baba yangu naye mnambadilisha? Karani akasema hapana, baba abaki. Ndiyo maana Mwita yumo.

Zaidi ya Watanganyika 80,000 waliingia jeshi hilo katika Vita vya Pili vya Dunia. Walipigana Ethiopia, wakaenda Madagaska, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapita bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika ya 1944, ndani ya matope na malaria, mpaka kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Nishani iliyotajwa kwenye karatasi yake inasema babu naye alifika Burma. Alirudi na blanketi, kofia, ngozi yenye makovu na jina. Blanketi na kofia vilichakaa, jina likadumu.

Yule mzee aliniuliza nimesoma nini kuhusu jina hilo huko kwenye vitabu. Nikamweleza habari za Uingereza, jinsi jina lilivyoganda na kuanza kwenda kutoka kwa baba hadi mtoto bila kubadilika kwa miaka mia sita. Alifikiri. Kwa Wakuria vizazi vina majina, na majina hayo huzunguka: upande wa Saai una manne, upande wa Chuma una manne, na la mwisho likishapita, la kwanza hurudi. Mtu wa leo anaweza kubeba jina la kizazi cha babu wa babu yake. "Kwa hiyo la kwao linakwenda mbele tu?" akauliza. "Halirudi?" Nikasema halirudi. Akatikisa kichwa kwa huruma.

Usiku ule, nikiandika vidokezo vyangu kwa mwanga wa simu, niliweka miaka kwa mpangilio. 1946, babu anatoka jeshini. 1957, babu anafariki. Mwaka huo umeandikwa kwenye zege la kaburi ambalo baba mwenyewe alilijenga. 1962, baba anazaliwa.

Nilitoa upya. Miaka mitano.

Asubuhi nilimkuta Bibi Mdogo akichambua mboga. Nilimwamkia, akaitikia, nikakaa kwenye kigoda kando yake na kuanza kumsaidia. Nilimuuliza bila kuzunguka, kwa sababu sikupata njia ya kuzunguka. Hakushtuka. Alishangaa tu kwamba nilikuwa sijui. "Marwa hakuwaambia?" Kijijini kila mtu anajua. Si siri, ni nyumba.

Babu Wilson na Bibi Mkubwa hawakupata mtoto. Alipokufa, Bibi Mkubwa alibaki na ng'ombe, na boma lisilo na mtu wa kulirithi. Akafanya ambalo mila ya Wakuria inamruhusu mwanamke wa namna hiyo kulifanya: akaoa. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Mwaka 1960 alipeleka ng'ombe kumi na wanane kwa wazazi wa msichana wa miaka kumi na mitano, akamleta nyumbani kuwa mke wa boma lile. Msichana angezaa na mwanamume wa nje, na watoto wangekuwa wa nyumba. Wangeitwa kwa jina la marehemu. Baba yangu ni mwana wa Wilson kwa sababu mwanamke alilipa mahari ili awe.

Limelipiwa. Baba hakuwa akipamba maneno, alikuwa ananipa hesabu.

Nilimuuliza bibi kama alitaka kuolewa vile. Aliendelea kuchambua majani. "Nililia siku nne," akasema. "Ya tano nikaenda shambani." Ng'ombe wale walimwolea kaka yake mke. Bibi Mkubwa hakumpiga, na hilo alilisema kama mtu anayetaja jambo la bahati. Walilima pamoja, walilala nyumba moja, na Marwa alipougua surua walipokezana kumbeba hadi zahanati. Alipokufa Bibi Mkubwa, yeye ndiye aliyekaa msibani kama mjane.

Sitaki kumpaka asali mtu yeyote hapa. Nyumba ntobhu zipo hadi leo Mara, na wapo wasichana wanaopelekwa humo wakiwa watoto. Mwanamume anayeingia usiku hana wajibu wowote kwa atakaozaa, na hata akimpiga mwanamke, hakuna anayemwita mkwe akamkanye. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke, kwa hiyo mke wa nyumba hizi hana ndoa mbele ya hakimu. Miaka kumi na mitano ni miaka kumi na mitano. Nilipokuwa na umri huo nilikuwa kidato cha pili, nikililia alama za hesabu.

Lakini nilikuwa nimekwenda kutafuta jina, na hapo ndipo lilipokuwa. Nilimuuliza pia kuhusu mwanamume. "Alikuwa mtu," alisema. "Alikuja, akaacha kuja." Akanitajia jina lake. Si la Kizungu, na hakuna karatasi lililoandikwa. Aliniomba lisiwe karatasi hii.

Niliporudi Dar es Salaam nilivirudia vitabu vyangu vya majina nikiwa na jicho lingine. Nilikuwa nimevisoma kama habari ya damu: Will akamzaa mwana, mwana akamzaa mwana. Vyenyewe havikusema hivyo. Uingereza nako kulikuwa na watu wenye mali na jina lakini wasio na mrithi, nao walitafuta mlango. Waliandika katika wosia kwamba atakayerithi shamba lazima achukue jina lao. Edward, kaka yake mwandishi Jane Austen, alichukuliwa na jamaa tajiri wa akina Knight waliokosa mtoto. Mwaka 1812, mjane wa nyumba ile alipofariki, Edward akaacha kuwa Austen, akawa Knight, yeye na watoto wake. Walitumia mashamba na wanasheria pale ambapo Bibi Mkubwa alitumia ng'ombe kumi na wanane. Tofauti iliyobaki, na si ndogo, ni kwamba kule hapakuwa na msichana aliyelia siku nne.

Nilikuta jambo jingine. Si kila son anamtaja mwanamume. Ibbotson ni mwana wa Ibbot, na Ibbot ni jina la mapenzi la Isabel. Margetson ni mwana wa Margaret. Wapo Waingereza leo wanaobeba jina la mwanamke wa karne ya 13 au 14, ambaye pengine alikuwa mjane mwenye boma lake, na majirani wakaona watoto ni wa nani hasa. Wangetuandika makarani wale wa kodi ya kichwa, wakaona nani analipa, nani analima na nani anamiliki ng'ombe, nadhani tusingekuwa akina Wilson. Tungekuwa wana wa Bhoke. Hilo ndilo jina la Bibi Mkubwa. Nimelitafuta kwenye sanduku lote la bati na halimo. Halimo kwenye cheti cha baba, wala kwenye zege la kaburi la mumewe, ingawa amelala hatua mbili kutoka hapo. Mwanamke aliyelinunua jina letu hajaandikwa popote.

Nilimwandikia kaka ujumbe mrefu wenye kila kitu: Wanormani, karani, Burma, ng'ombe, miaka mitano. Niliposikia simu ikiita nilijua atauliza kuhusu damu, na aliuliza. Alitaka kujua kama basi sisi si ukoo wa Mwita yule wa kwenye karatasi. Nikamwambia wazee wa Nyansurura wangelicheka swali hilo. Baba amerithi boma, amekaa na wazee wenzake, amezika kama mwana. Kama hiyo haitoshi kuwa ukoo, basi akina Knight nao warudishe mashamba.

"Kwa hiyo unasema libaki."

"Nasema ujue lilivyopatikana. Kubaki au kuondoka ni lako."

Mtoto alizaliwa Septemba, msichana. Baba alikuwa amejiandaa kwa mvulana na ilimchukua kama saa moja kujipanga upya. Kwenye fomu ya cheti kuna nafasi tatu. Kaka alijaza ya katikati kwanza, jina lake mwenyewe, kwa sababu hiyo haikuwa na mjadala. Ya mwisho akaandika Wilson. Ya kwanza akaandika Bhoke, akapiga picha na kututumia sote kabla ya kuipeleka.

Baba hakujibu kwa maandishi. Alinipigia, akakaa kimya muda kidogo, akasema sasa amewekwa kwenye karatasi. Kisha akaniambia nimpigie mama yake nimweleze, maana yeye sauti ilikuwa haimtoshi.

Bibi Mdogo alifurahi. Aliniuliza uzito wa mtoto, rangi ya masikio, na kama wifi ananyonyesha vizuri. Nilikuwa na wasiwasi, kwa hiyo nikamuuliza kama haoni vibaya kwamba tumemtaja mwenzake na hatukumtaja yeye aliyezaa.

"Mimi langu bado nalitumia," akasema. "Mwambieni azae mwingine."